Twende Jinja, na Tulale Huko

Liko jambo ambalo sisi wa kidato cha sita tumekuwa tukilibishania tangu muhula ulipoanza, yaani safari yetu ya kuagana. Wenzangu walio wengi wataka twende Mombasa. Wawili watatu walitaja Dubai, nami nadhani walifanya mzaha, ingawa mmoja wao hakucheka. Mimi nasema twende Jinja, mji ulio kando ya mto, kilometa 80 tu kutoka hapa Mbuya, tukae siku mbili na kulala usiku mmoja. Nilipotoa shauri hili mkutanoni nilizomewa. Mwenzangu mmoja aliniuliza kama namwona yeye ni mtoto wa darasa la nne.

Swali lake lina sababu. Wanafunzi wengi wa Kampala walikwisha kupelekwa Jinja walipokuwa wadogo, na wote walipelekwa kwa namna moja. Basi laondoka alfajiri, watoto waimba mpaka Mukono, wasimama Namawojjolo kununua kuku wa kuchoma na gonja, wapita msitu wa Mabira wakitafuta nyani madirishani, na kufika saa nne wako penye chanzo cha mto Naili. Hapo husimama mbele ya ubao ulioandikwa kwamba hapa ndipo mto unapoanza, wakapigwa picha. Huipita sanamu ya Mahatma Gandhi wala hapana anayeuliza Mhindi huyu amefikaje hapa. (Sehemu ya majivu yake ilitiwa mtoni mwaka 1948.) Kisha hunywa soda, mwalimu huhesabu vichwa, nao hurudi garini. Mtoto huyo ukimwuliza habari za mji wenyewe hawezi kukutajia hata mtaa mmoja. Ameona ubao. Lakini maisha yake yote atasema, "Jinja? Nimeshafika."

Likizo ya Agosti iliyopita mimi nilikaa kwa mjomba wangu, Walukuba, mtaa wa wafanyakazi ulio upande wa mashariki wa mji. Sikuwa na fedha za mashua, wala za ile michezo ya kushuka katika maji makali kwa mitumbwi ya mpira, ambayo wageni huijia kutoka Ulaya na hata kutoka nchi za mbali zaidi. Nilikuwa na viatu tu. Basi nilitembea, na hayo niliyoyaona ndiyo yanayonipa ujasiri wa kupingana na darasa zima.

Nianze na mto. Wenyeji huuita Kiyira, na jina la mji latokana na neno la mawe, kwa sababu mahali maji yalipotoka ziwani palikuwa na majabali, nayo maji yaliruka juu yake kwa kishindo. Mwingereza John Hanning Speke alipafikia tarehe 28 Julai 1862, akayapa maporomoko hayo jina la Ripon, bwana mkubwa mmoja wa kwao. Leo ukiyatafuta huyaoni. Tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alifungua bwawa la umeme mahali palipoitwa Owen Falls, mbele kidogo mto uteremkapo. Maji yakapanda nyuma ya ukuta, Ripon ikazama, na Owen yenyewe ikageuka kuwa ukuta wa saruji. Yalibaki maporomoko ya Bujagali, ambayo baba zetu waliyafahamu vizuri, maana watu wa Kampala walikuwa wakienda kukaa ukingoni mwake Jumapili. Nayo yakazamishwa mwaka 2011, na mitambo ya megawati 250 ikafunguliwa rasmi Oktoba 2012.

Wazee wa Busoga walishikilia ya kuwa Bujagali palikuwa makao ya roho Budhagaali, na yalifanywa matambiko ili roho ihamishwe, na hata juu ya matambiko hayo wenyewe hawakupatana. Najua ya kuwa katika shule ya misioni kama yetu yuko atakayetabasamu asomapo haya. Mimi namwomba afikiri kwanza. Kama serikali ingetuambia kesho ya kuwa kanisa letu la kilimani litafunikwa na maji kwa faida ya nchi, nasi tukapewa muda wa kuondoa sakramenti tu, je, tungetabasamu?

Sisemi bwawa lisingejengwa. Mtu asomaye kwa taa ya umeme kila usiku hana haki ya kusema hivyo, nami nasoma kwa taa hiyo. Ninalosema ni kwamba mji ule mdogo ulitoa maporomoko matatu, moja baada ya jingine, na sehemu kubwa ya taa zilizopatikana zilikuja kuwaka huku kwetu. Masomo yetu ya jioni, kipaza sauti cha kanisani, jokofu la jikoni, simu ambazo haturuhusiwi kuwa nazo na ambazo wengine wanazo, vyote hivyo kwa miaka mingi vimepata nguvu kutoka mto ule. Hapo zamani habari hizi ziligusa hata mataifa mengine, kwa kuwa Misri na Uingereza zilipatana mwaka 1949 juu ya bwawa hilo, na mhandisi wa Kimisri akawekwa Jinja kuangalia kiasi cha maji yanayoachiliwa kushuka. Cairo ilimtuma mtu akae Jinja. Sisi tulio karibu hatukai hata mpaka jua lichwe.

Wenzangu huenda wamesahau tarehe 14 Aprili 2020. Shule zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya korona, na ziwa lilikuwa likipanda. Mwezi uliofuata lilipita kimo cha mwaka 1964, ambacho kilikuwa hakijapata kupitwa. Siku ile kisiwa cha majani na udongo, kilichokuwa kikielea ziwani, kilisukumwa mpaka kwenye mitambo ya Nalubaale, ambalo ndilo jina la Owen Falls siku hizi, na umeme ukakatika nchi nzima. Nyumbani kwetu tuliwalaumu majirani kwa kuchezea waya. Hapana mtu aliyejua kwamba ni kipande cha majani kilichokwama Jinja.

Na huko Walukuba, karibu kabisa na ukuta huo, jirani wa mjomba wangu hununua umeme kidogo kidogo kama mtu anunuaye chumvi. Ukimwishia huwasha taa ya mafuta. Nilikaa naye jioni mbili kwa taa hiyo. Hakulalamika, wala sikumwuliza maana niliona haya.

Sasa mji wenyewe. Katika barabara kuu kuna maduka marefu yenye baraza, na mtu akiinua macho huona juu ya kuta majina ya Wahindi waliojenga na miaka waliyojengea, yamefinyangwa kwa saruji. Idi Amin alitangaza Agosti 1972 ya kuwa waondoke, akawapa siku 90. Wakaondoka, majina yakabaki juu, na chini yake leo mna maduka ya simu, ya mitumba, ya dawa. Wengine walirudi baadaye kudai mali yao. Mwalimu wetu wa historia alitufundisha habari za 1972 kwa vipindi viwili, tukaandika, tukajibu mtihani. Lakini mimi nilizifahamu nilipohesabu majina katika barabara moja, nikafika thelathini nikaacha.

Ilikuwa mji wa viwanda. Shaba ya Kilembe, kule chini ya milima ya Rwenzori, ilianza mwaka 1956 kuletwa kwa gari la moshi kutoka upande mmoja wa nchi mpaka upande wa pili, ikayeyushwe Jinja kwa nguvu za umeme mpya. Kiwanda cha nguo cha Nytil kilianza katika miaka hiyohiyo. Ndiyo maana nyumba za Walukuba zilijengwa, na ndiyo maana wakaja watu wa kila kabila, Wasoga, Waganda, Wasamia, Wajaluo, Wateso, Waacholi, wakafanya kazi katika mashine moja. Walisemezana kwa lugha gani? Kwa Kiswahili. Hata kabla ya viwanda, askari wa King's African Rifles walikuwa na kambi yao hapo, nao amri zao na ugomvi wao ulikuwa kwa Kiswahili.

Hapa nawajibu wale wasemao ya kuwa tuende Mombasa ili tujizoeze Kiswahili. Jioni moja mjomba alinipeleka kwa mzee mmoja aliyefuma nguo kiwandani kwa zaidi ya miaka ishirini, na ambaye baba yake aliletwa na kazi ya reli. Nikamwamkia "Shikamoo, mzee," kama tufundishwavyo, naye akaitikia "Marahaba, mjukuu wangu," kisha akaanza kusema. Nami nilikwama. Alisema upesi, alichanganya maneno ya mashine na ya reli ambayo hayamo kitabuni, na kila nilipotafuta neno yeye alinipa, kama mtu anayemsaidia mtoto kuvuka mfereji. Baraza la Mawaziri lilikubali Julai 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili ya nchi yetu, na siku hizi twakisoma kama kwamba kimetufikia juzi kwa meli. Mzee huyu amekisema kwa zaidi ya miaka sitini, mwendo wa saa mbili tatu kutoka darasani mwetu. Nilimweleza ya kuwa wanafunzi wa Kampala huja Jinja mara nyingi. Akasema, "Nayaona mabasi yao kila Jumamosi. Hapa hapajasimama hata moja."

Nimeulizwa pia, "Daraja je? Si twalipita na kuliona?" Kweli ni daraja zuri, nami sitaki mtu afikiri silipendi. Lilifunguliwa tarehe 17 Oktoba 2018, lina urefu wa mita 525, limeshikwa kwa kamba za chuma zinazoshuka kutoka minarani kama nyuzi za zeze. Sehemu kubwa ya fedha ilikuwa mkopo wa Japani, na wajenzi walikuwa kampuni ya Zenitaka ya Japani pamoja na Hyundai ya Korea. Kabla yake, tangu 1954, magari yote yalipita juu ya ukuta wa bwawa, pamoja na yale makubwa yatokayo Mombasa na mizigo ya Uganda, Rwanda na Kongo. Usishangae watu walikuwa wakiuogopea ukuta ule. Kazi ya daraja ilianza mwaka 2014. Nilipolitazama jioni kutoka kando ya mto niliwaza juu ya wale wahandisi. Bila shaka yuko mmoja aliyerudi kwao, labda katika mji mdogo wa kaskazini ya Japani ulio kando ya mto wao, ambako theluji huanguka na vijana, kama tusomavyo katika jiografia, huhamia Tokyo na kuwaacha wazee. Akiulizwa na watoto wake habari za Jinja ataweza kuwaeleza mvua ya saa tisa, samaki wa Masese, ukungu wa asubuhi juu ya maji. Nami nadhani atawaeleza vizuri kuliko mwanafunzi ye yote wa kidato cha sita hapa Mbuya. Na daraja lenyewe, alilotuachia, sisi twalitumia ili kupita mji ule upesi zaidi.

Nisije nikaonekana nimelewa mapenzi, niseme pia yasiyonipendeza. Karibu na chanzo cha mto kila kitu kina bei, na bei hupanda mwuzaji akisikia Kiingereza. Mwenye mashua humwambia kila mgeni ya kuwa sehemu ya maji ya Naili hububujika kutoka chini ya ardhi penye kisiwa kidogo, na hutaja hata sehemu ngapi kwa mia. Jambo hili sijaliona katika kitabu cho chote cha jiografia, na ziwa lote lile likiwa nyuma yake sioni haja ya kuongeza chemchemi. Tena Jinja imepewa cheo cha jiji tangu tarehe 1 Julai 2020, lakini mashimo ya barabara za Walukuba bado hayajapata habari.

Sasa nijibu hoja ya fedha, ambayo kwangu ndiyo kubwa, nami nastaajabu ya kuwa mkutanoni iliguswa kidogo tu. Mombasa ni zaidi ya kilometa 1,100 kutoka Kampala. Yataka hati za kusafiria, yataka usiku mbili za basi kwenda na kurudi, yataka malazi na chakula cha siku nyingi. Mimi pia natamani kuiona Ngome ya Yesu ambayo Wareno waliijenga katika miaka ya 1590, wala sina ugomvi na bahari. Lakini kidato cha sita cha mwaka jana walipokwenda safari ya mbali, walioweza kulipa hawakufika nusu ya darasa. Waliobaki walifyeka majani ya uwanja wa mpira wiki ile, na wenzao waliporudi wakawaonyesha picha. Nilikuwa kidato cha tano, niliwaona wakizitazama. Wenzangu wapenzi, safari hii yaitwa ya kuagana. Utaagana vipi na mtu aliyebaki akifyeka?

Nauli ya kwenda Jinja kutoka Nakawa, hapa chini ya kilima chetu, mimi nililipa shilingi 12,000. Hata mwenzetu ambaye karo yake hulipwa vipande vipande ataweza kuipata, na asipoweza, darasa laweza kumlipia bila mtu kujua. Juu ya malazi, Jinja ni makao ya jimbo Katoliki, na sidhani parokia ya huko itawakataa wanafunzi wa misioni wanaoomba sakafu ya ukumbi kwa usiku mmoja, wenye mablanketi yao. Wasichana watalala mahali pao na wavulana pao, na Padre atashika ufunguo. Walimu wasemao ya kuwa mtihani u karibu nawakumbusha ya kuwa mabwawa ya mto Naili huulizwa katika jiografia, na mwaka 1972 huulizwa katika historia, na Insha ya Kiswahili hututesa sote.

Shauri langu basi ni hili. Tuondoke Ijumaa asubuhi, tushuke garini mjini, si penye ubao. Tugawanyike makundi ya watu wanane. Kundi moja litembee barabara kuu na kuandika majina na miaka ya juu ya kuta. La pili liende Walukuba. Mjomba wangu yu tayari kulipokea, na yule mzee amekwisha kuambiwa, naye akasema mje na sukari. La tatu lifuate mto kwa miguu mpaka mahali daraja jipya laonekana lote. Jioni tukutane tupike, kila kundi lieleze liliyoyaona. Atakaye kwenda kupigwa picha penye ubao na aende, ni karibu.

Na Jumamosi tuamke mapema, saa kumi na moja, twende wote Masese kando ya ziwa. Ni ziwa lile lile tunaloliona kutoka kilimani kwetu tukitazama upande wa Port Bell. Saa ile mitumbwi huwa inarudi kutoka majini, taa zake bado zikiwaka, na wanawake huwa wameshakaa wakingoja na beseni zao. Dagaa, ambao wenyewe huwaita mukene, humwagwa juu ya nyavu zilizotandikwa chini, na huanikwa kwa mikono, upesi, kabla jua halijawa kali. Mama mmoja alinipa ufagio mdogo akanionyesha jinsi ya kuwatandaza wasilaliane. Nilifanya kazi hiyo muda wa saa nzima. Alipoona namaliza sehemu yangu aliniuliza nimetoka wapi, nikamwambia Mbuya, Kampala. Akauliza nimekuja na shule gani. Nikamjibu nimekuja peke yangu. Akanitazama, kisha akanionyesha wavu wa pili.